Tango la Kioo

Bi Roswitha, faili lako limenenepa.
Lilikuja jembamba: barua moja, picha tatu,
na tango la kioo lililofungwa kwa gazeti,
likatoka Lauscha mpaka Bonn bila ufa.
Nimelitundika dirishani. Mkuu wangu huuliza kama ni ushahidi.
Namjibu ndiyo.

Uliandika kwamba baba yako alipuliza kioo,
na babu, na mama wa babu,
na kwamba zamani matango yako yalitokea mbele,
mtu akitafuta tu pambo la Krismasi.
Kisha Novemba moja Soko likang'amua
(lilihesabu kila aliyenunua, kila aliyesita,
hata saa ngapi za usiku)
kwamba tango lina wenyewe.
Kufika Machi lilikuwa na tango lake.
Kijani kilekile. Kikonyo kilekile, kimepinda kushoto
kama unavyokipinda wewe
tangu kidole chako kiungue mwaka wa themanini na sita.

Lake safu ya kwanza. Lako ukurasa wa tisa,
na nani amewahi kufika ukurasa wa tisa?

Sheria niliyosomea iliandikwa kwa ajili ya saruji,
kwa wenye viwanda waliokutana hotelini
wakapanga bei huku wakimiminiana mvinyo.
Tulijua kunusa: moshi wa sigara, risiti, karatasi iliyochanwa.
Hapa hakuna hoteli. Hakuna aliyekutana na mtu.
Bei haikupanda, imeshuka.
Mawakili wao, kumi na wanne, wananiuliza kwa adabu:
nani kaumia?
Na soko husika ni lipi, Bwana Teichgräber?
La matango ya kioo? La mapambo? La kila kitu
kinachoenea ndani ya boksi?
Nikipima padogo, wanacheka.
Nikipima papana, wao ni tone tu baharini.

Kesi ya nyani kapelekewa ngedere,
na safari hii ngedere ndiye pia
mwenye shamba, mwenye mizani, na mlinzi wa lango.

Tulifungua shauri. Wakakata rufaa. Tukashinda. Wakakata rufaa.
Mwaka wa sita faini ikatoka, magazeti yakaipigia vigelegele.
Nilichukua kikokotoo nikaigawa:
mapato yao ya Jumanne moja,
tangu alfajiri mpaka chakula cha mchana.
Safu ya kwanza wakaibadilisha jina.

Jana mpwa wako ameandika.
Moto wa karakana umezimwa, umehamia kwa dada yako Coburg,
na je, mnaweza kumrudishia lile tango?

Sijamjibu.
Kuna jambo halimo failini, Bi Roswitha.
Desemba iliyopita, usiku, binti yangu alilia:
wenzake wote wana tango kwenye mti.
Nilikuwa nimechoka. Nilibonyeza mara moja,
safu ya kwanza.
Likafika asubuhi, kabla hajaamka.
Kikonyo kimepinda kushoto.