Ufunguo wa Tatu

Sanduku letu ni la bati, rangi imebabuka,
lina makufuli matatu, na funguo zake zinalala nyumba tatu:
kwa Mama Ndahani kule bondeni,
kwa Foibe, mjane wa fundi baiskeli,
na kwangu, ndani ya kopo la chumvi.
Hakuna mwizi kati yetu.
Ndiyo maana hakuna anayefungua peke yake.

Mwezi huu Hombolo imeota ukarimu.
Greda lililopotea miaka minne limeonekana,
limekwangua njia kutoka lami hadi uwanja wa mkutano,
likaishia hapo, kama mtu aliyesahau alichofuata.
Zahanati imepakwa rangi kwa nje.
Ndani, Nesi Sechelela bado anakuandikia jina la dawa
na kukuelekeza dukani.
Na lile ghala la baridi la zabibu zetu,
ahadi ya uchaguzi uliopita,
limefika kwenye linta. Popo wamehamia, hawadaiwi kodi.

Mheshimiwa Chidosa yuko jukwaani:
mbolea bure, maji bure,
pikipiki kwa kila kijana, uwanja wa mpira wenye taa.
Vigelegele. Mkono wangu unatafuta kalamu.
Bure ina mwenyewe, jamani.
Anailipa Malogo kwenye kila lita ya mafuta,
anailipa muuza vitumbua kwenye mfuko wa unga,
ataimalizia mjukuu wangu,
ambaye bado anatambaa
na hajaulizwa chochote.

Bibi yangu alizaliwa baada ya Mtunya,
njaa iliyowafanya watu wachemshe ngozi za kulalia.
Alikuwa na kilindo cha mtama nyuma ya kitanda.
Ukimlilia njaa, ukakinyooshea kidole, alisema:
Hicho si chakula. Hicho ni mwakani.
Nami naiuliza serikali, kwa adabu zote:
hiki tunachokula sasa ni chakula,
au ni mwakani?

Mkwe wangu anasema nina roho ya kutu,
dunia ya leo ni mikopo, mama.
Sisemi serikali ifunge mkono.
Nimejifungulia kitanda chake, wanangu wamesoma kwa chaki yake.
Nasema ihesabu mbele yetu,
kama sisi tunavyohesabu kila Alhamisi,
noti kwa noti, kwa sauti,
mpaka watoto wanaocheza nje wanajua salio.

Alhamisi iliyopita magari matatu meupe yalisimama kikaoni.
Akashuka yeye, na mpiga picha, na bahasha.
"Milioni mbili, akina mama. Kutoka moyoni mwangu."
Kwenye kona ya bahasha, muhuri wa halmashauri.
Sikujua moyo wa mtu nao hupigwa muhuri.
"Fungueni sanduku, kamera iko tayari."

Mama Ndahani akatoa wake.
Foibe akatoa wake, akinitazama.
Nikapapasa kifuani, nikapapasa pindo la khanga
(ile yenye sura yake; nami niliipokea, sikatai).
"Nimeusahau nyumbani," nikasema.
Ulikuwa ndani ya kiatu, unanichoma kisiginoni.

Alicheka. Picha itapigwa siku nyingine, akasema.
Bahasha ikapanda gari kabla yake.

Njiani hakuna aliyenisemesha.
Milioni mbili ni saruji, ni ada ya mtoto wa Foibe,
sihitaji kukumbushwa.
Kwenye njia panda ndipo aliposimama:
"Tungezipokea tu. Si ni zetu?"
"Ni zetu," nikamjibu. "Ndiyo maana."
Hakuridhika. Hata mimi sijui kama nimeridhika.

Ufunguo umerudi kwenye chumvi.
Asubuhi hii nimeamka kupogoa mizabibu,
na bado nachechemea.