Fomu ya Madai

Walizaliwa kumi na mmoja mwezi wa nne.
Niliwaandika mwenyewe nyuma ya kalenda ya jikoni,
kwa rangi tu, maana huku Galisia juu
jina hatumpi mtoto wa farasi kabla ya baridi ya kwanza.
Leo tumepanda mlimani. Nimehesabu wanne.

Baba anasema: mbwa mwitu.
Jirani Ovidio anasema: mbwa mwitu,
na anatema mate, kama aliyetaja mdeni wake.

Sikatai. Nimemwona.
Alfajiri moja ya mwezi wa tano, ukungu ukinifika magotini,
majike walikuwa wamefunga duara:
vichwa ndani, matako nje, watoto katikati,
kila kwato imekuwa nyundo.
Yeye alikaa kitako, akapiga miayo.
Hakuwa na haraka. Alilisoma lile duara
kama mtu asomaye mkataba
akitafuta mstari ulioandikwa vibaya.

Wageni wakija huwacheka farasi wetu:
wafupi, matumbo makubwa, tena wana sharubu!
Hawajui kwamba malisho ya huku ni miiba,
maua ya njano juu, sindano chini,
na mdomo usio na sharubu hulala njaa.
Kwa miiba walijiandaa. Kwa mbwa mwitu walijiandaa.

Mwekundu alikufa kwenye lami.
Dereva wa lori alishuka,
akatazama taa yake kwanza.

Mama wa yule wa kijivu alinaswa na seng'enge
ya shamba jipya la mikaratusi,
palepale ilipopita njia ya kwenda majini
tangu enzi za babu wa babu.
Tulimkuta siku ya tatu.
Mtoto alikuwa bado ananyonya.
Tulimpa chupa. Aliikataa mpaka mwisho.

Wawili sijui. Kupe, homa,
shimo la mgodi wa zamani lisilo na uzio.
Mlima hautoi risiti.

Wawili aliwala yeye, kwa jasho lake,
siwezi kumnyima.

Anabaki mweusi.
Mama yake alizoea kushuka kwenye mahindi ya Ovidio,
basi Baba akachonga gogo la mwaloni,
akamfunga mguu wa mbele.
"Sitaki ugomvi na majirani," alisema.
Kamba niliishika mimi.
Niliisifu hata: fundo zuri, Baba.

Usiku ule, toka kitandani, nilisikia kwato zikikusanyika,
na nyuma yake, likichelewa,
gogo: du, du, du, juu ya mawe.

Xiana wa idara ya misitu alikuja na fomu
ndani ya mfuko wa plastiki, mvua ikimchuruzika puani.
*Mnyama aliyeua.* Visanduku vitatu:
mbwa mwitu; mbwa wa kufugwa; hajulikani.
Baba aliweka kidole kwenye cha kwanza
kabla hajaulizwa.

Xiana aliinama, akaushika mguu wa jike,
pale manyoya yalipolika kwa kamba,
ngozi imetoka pete ya waridi.
Hakusema kitu. Alinitazama mimi.
Kikulacho, niliwaza, na sikumalizia.

"Kuna kisanduku cha nne?" nikauliza.

Baba alivaa kofia yake, akatoka.
Fidia ya mweusi hatukuipata.
Ovidio hatusalimii tena, maana jike halina gogo
na mahindi yake ni matamu kama zamani.

Lakini jioni ile nilimsikia Baba uani na shoka.
Mwaloni haupasuki kwa hasira.
Alipiga, akapumzika, akapiga.
Asubuhi nilikuta vipande vimepangwa karibu na jiko,
vyote isipokuwa kimoja chenye alama ya kamba.
Hicho alikuwa amekiweka dirishani,
kando ya kalenda,
na mpaka leo hajaniambia kwa nini.