Kilo Moja na Robo

Miaka kumi na tisa napima korosho
kwenye ghala la chama, Newala,
na mizani imenifunza jambo moja tu:
kizito hukaa chini.
Gunia halibishi. Jiwe halibishi.
Wabishi ni watu, siku ya kutangazwa bei.

Basi Bakiri aliponiletea kanga wa mtegoni,
kafungwa miguu kwa kamba ya katani,
nikamtundika kwenye ndoano, kwa mzaha.
Kilo moja na robo.
Mwili chungu, shingo uzi wa buluu,
kipembe cha mfupa utosini,
na madoa yale anayoyafunga Biti Mfaume kiunoni
bila kuuliza nguo ilikopa wapi jina.

"Huyu," nikasema, "ni kuku aliyevaa vizuri.
Mbawa zake ni kama kalamu yangu sikioni,
za kuonyesha cheo."

Tukacheka. Kamba ilikuwa mbovu.

Hakuruka. Alikimbia,
akapita meza ya karani, akapita foleni ya magunia,
mgongo umeinama, kichwa mbele,
kama mdaiwa aliyemwona mwenye duka.
Mbwa wa Bakiri anaitwa Deni.
Deni akamfuata.

Mikoroshoni wakazuka wenzake,
kumi na wawili, nilihesabu, ndiyo kazi yangu,
wote kwa miguu, wote vumbi,
juu ya mabibo yaliyooza yakinuka uraka,
na sisi nyuma, mkanda wangu umelegea,
hadi pale ardhi ya Newala inapokatika ghafla,
Shimo la Mungu,
na Ruvuma huko chini, mbali, uzi ulioanguka sakafuni.

Tumewapata, nikajua.
Hakuna tena pa kukimbilia.

Sauti ile sijui niiiteje.
Pasua gunia la kilo themanini kwa mkupuo mmoja:
siyo.
Mvua ya kwanza juu ya bati jipya:
karibu.
Walipanda wima, kama watu walioitwa majina,
mbawa fupi zikiichapa hewa kwa hasira,
kisha (hapa pumzi ilinikauka)
zikatulia.
Zikanyooka tu.
Kumi na watatu pamoja na wangu,
kilo kumi na sita na robo, hesabu ya kichwa,
zikateleza juu ya utupu
huku vivuli vikishuka mteremko peke yao, vikijikwaa mawe.

Deni akakaa kitako ukingoni.
Bakiri akasema, "Mjomba, kumbe,"
akaishia hapo.

Na kule chini, walipogusa majani,
hawakutazama nyuma hata mmoja.
Wakakunja mbawa kama anayerudisha barua bahashani,
wakaanza kudonoa.

Jioni nikamsimulia Biti Mfaume.
Hakuacha kupepeta njugu.
"Kila magharibi wanalala juu ya mkorosho wangu,
tawi la juu kabisa, wanagombania nafasi, wananinyima usingizi.
Ulidhani wanapanda kwa ngazi?"

Asubuhi nikatundika gunia la kwanza.
Themanini na moja.
Nikasimama nalitazama.
"Mizani imekwama?" karani akauliza, kalamu hewani.
"Ngoja," nikamwambia.
"Ngoja kidogo."