Imelipwa na Mvua

Sheria imebadilika, kasema mwanangu Thuraiya mezani,
kidole kwenye simu, kijiko kwenye wali.
Mkataba usiosajiliwa ni hewa, mama.
Kodi huipandishi utakapo.
Mpangaji humtoi kwa kumkunjia uso.

Mimi nina milango minne Wadi Kabir,
nyuma ya wauza vipuri,
pale lami inaponata kiatu mwezi wa Juni.
Saluni. Duka la betri. Mlango uliofungwa.
Na Kunhali, fundi cherehani, miaka ishirini na miwili,
anayewapima wajukuu zangu kanzu kwa jicho tu.

Mkataba wetu?
Mkono wa marehemu ndani ya mkono wake,
kahawa ikipoa kati yao.
Basi.

Nami nilikwishapiga hesabu.
Riali thelathini juu, kuanzia mwezi mpya:
bomba la choo limepasuka mara mbili,
na jirani yangu Harith
kapandisha zamani, tena bila kupepesa.
Leo karatasi yaniambia, ngoja.
Kumbe mwenye nyumba naye ana mwenyewe.

Nikalitoa kabatini daftari la Humud,
jalada la kijani, kona zimeliwa na wadudu,
Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu
alizofunzwa chuoni Wete, kabla ya kuvuka.
Mali bila daftari, alikuwa akisema,
wala hakumalizia; sote twajua inavyokwisha.

Baladia baridi kama friji ya samaki.
Namba yangu mia moja na saba.
Kijana wa dirishani, kucha safi, adabu njema:
Mpangaji alianza lini, mama?
Kuna miezi hakulipa?

Nikafungua, nikawa namsomea na kumtafsiria,
kidole kikitambaa kutoka kulia.
Rajabu, imelipwa. Shaabani, imelipwa.
Kisha mwaka ule wadi iliposhuka usiku,
maji yakachukua cherehani tatu na vitambaa vya arusi ya watu:
Imelipwa na mvua.
Mwezi wa pili: Imelipwa na mvua.
Miezi saba, mwandiko uleule, wino uleule,
na mimi nyumbani naambiwa biashara ngumu, Rayya,
punguza nyama.

Nikanyamaza.
Kijana akangoja.
Fomu ile ina kisanduku cha mita za mraba,
cha namba ya umeme, cha shahidi.
Cha mvua haina.

Hadaiwi kitu, nikasema. Andika hivyo.
Na kodi mpya?
Ileile.
Thelathini yangu ikanishuka kooni
kama mwiba wa changu.

Kunhali akaja kutia saini na shati lake la Ijumaa,
mfukoni nakala ya sheria
imekunjwa mara nane, kifungu chake kakihifadhi
kama mtu anayekwenda vitani.
Hakupata pa kukitumia.
Hata hivyo akaomba asome kila mstari, mara mbili.
Nikaudhika. Nikamwacha asome.
Miaka yote ile hapakuwa na cha kusoma.

Tukatoka juani, kila mtu na karatasi yake.
Akauliza, wajukuu wamekua?
Wamekua, njoo uwapime.
Na safari hii, Kunhali,
njoo na futi.