Mgeni wa Kilomita Tatu

Ziwa Simbi halina samaki. Naanza hapo kila siku,
kwa sababu wageni wakishuka garini kutoka Kisumu
tumbo bado linawaza ngege wa Dunga na ugali,
na swali la kwanza ni hilo: mnavua nini hapa?
Hatuvui. Maji haya ni magadi matupu,
kijani kizito, kijani cha mrenda uliosahauliwa jikoni,
na ukiyatazama kutoka ukingoni juu
duara lake limekamilika hivi kwamba mtoto mmoja wa shule
aliniuliza ni nani aliyelichora kwa kikombe.
Kulizunguka lote ni mwendo wa saa moja,
saa moja na nusu ukiwa na viatu vya mjini.

Kisha nawaonyesha heroe.
Asubuhi wanasimama penye kina kifupi, vichwa vimepinduliwa,
wakichuja uji wao bila kumkaribisha mtu.
Ni wa waridi, ndiyo, lakini si wote:
makinda ni wa kijivu, rangi ya maji ya kufulia,
na hao hawapigwi picha.
Nawahesabu kwenye daftari la mistari. Jumatatu mia tisa na kitu.
Jumanne mbwa wa kina Ogweno alibweka, hesabu ikapotea.

Mwisho ndipo nasimulia, maana wamelipia:
kwamba hapa palikuwa na kijiji, na usiku mmoja wa ngoma na pombe
akaja bibi kizee amelowa, akaomba moto wa kujipasha,
wakamfukuza. Mmoja tu alimfungulia, mwanamke,
naye akaambiwa: chukua watoto wako, mtoke usiku huu.
Mvua ikanyesha kutoka juu na kutoka chini.
Nikifika hapo nanyamaza kidogo. Nimejifunza kunyamaza.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, nasema, na wao wanaandika.

Sasa Alhamisi ile,
basi la walimu wa Nakuru limesimama, injini inanguruma,
walimu arobaini na wawili, mmoja anatafuta choo,
akaja mama langoni kwa miguu, mwavuli wake umevunjika ubavu,
akasema anataka kuingia.
Nikamjibu bila kuinua macho kwenye kitabu cha risiti:
mama, kaa hapo kwanza, nashughulikia wageni.

Akakaa.
Nami nikaenda na walimu wangu nusu ya duara
nikisimulia, kwa sauti yangu ya kazi,
habari za bibi kizee aliyezuiwa mlangoni.
Nilipofika "akaomba moto" ulimi ulikwama.
Mwalimu wa jiografia alidhani ni ule ukimya wangu. Akapiga picha.

Nilirudi mbio, gambuti zikilia kama bata.
Alikuwa bado pale juu ya jiwe, anatafuna njugu.
Dorsila Nyagweth, kwake ni nyuma ya kilima kile,
kilomita tatu, miaka sitini na minane,
na hajawahi kufika.
Kwa nini? nikauliza. Swali likamshangaza:
"Si mlisema ni la wageni?"

Sikukata tiketi. Tulishuka taratibu, amenishika kiwiko.
Sikumsimulia kitu. Hadithi alikuwa nayo yote,
pamoja na jina la yule mwanamke aliyefungua mlango,
ambalo mimi, miaka sita kazini, sikuwahi kuuliza.

Heroe wakainuka wote kwa pamoja, kwa sababu zao wenyewe,
na ule wekundu wanaouficha chini ya mabawa
ukafunguka juu ya maji kama leso elfu zikikung'utwa.
Aliwatazama sana.
"Kumbe ndio hawa. Wana miguu kama ya marehemu Obura."
Akacheka mpaka mwavuli ukamponyoka.

Alichota maji kwa kiganja, akajipaka magotini,
akaniuliza kama kesho pia kuna kazi.
Langoni aligeuka, akayatazama mawingu juu ya Mlima Homa,
kisha akanitazama mimi.
"Usiogope," akasema. "Leo haitanyesha."