Simu Kabla ya Saa Kumi na Moja

Simu za ugonjwa huja kabla ya saa kumi na moja alfajiri,
Tampere ikiwa gizani, theluji ikipapasa kioo,
na mimi jikoni, soksi moja mguuni, nyingine mkononi.
Nazijua kama mama anavyojua vilio.
Oona huibana pua kwa vidole viwili.
Pentti hukohoa kwanza, salamu baadaye,
kikohozi chenye mwanzo, kati na mwisho,
na kituo kidogo cha kunisikiliza kama nimeamini.
Sicheki. Zamani nilicheka.

Sisi hufua mashuka ya hospitali, tani nne kwa siku.
Yanaingia na madoa, yanatoka hayana kumbukumbu.
Kuugua kwa watu ndiyo riziki yetu;
ila sisi, kuugua, tuombe ruhusa.

Bwana Hirvikoski, aliyeniachia kiti na ufunguo,
alinifunza hivi: Uliza dalili. Uliza tena.
Kisha nyamaza. Mwongo huogopa kimya.
Nikawa hodari wa kimya.
Sirkka akasema tumbo. Nikanyamaza.
Akasema, basi, nakuja.
Akaja. Saa nne mbele ya pasi kubwa akakaa chini
taratibu, kama mtu aliyeona kiti,
na kiti hakikuwapo.
Shuka aliloliachia likaendelea kuingia mashineni
peke yake.

Hakufa, kama mnauliza. Alihama kazi.
Tukikutana sokoni huchagua viazi kwa makini sana
mpaka nipite.
Mficha maradhi, walisema, kifo humuumbua.
Hawakusema anayemfichisha
humuumbua nani.

Leo kapiga Tauno.
Miaka kumi na mmoja hajawahi.
Nilimtambua kwa kupumua tu.
"Siumwi," akasema. "Lakini leo siwezi."
Hakubana pua. Hakukohoa hata kile cha adabu.
Nyuma yake nilisikia maji ya bomba
yakimwagika, yakimwagika, hakuna wa kuyafunga.

Fomu yangu ina visanduku sita:
kichwa, kifua, tumbo, mgongo, mtoto, mengineyo.
Mengineyo amepewa mstari mfupi, urefu wa kidole gumba.
Maswali ya Hirvikoski yakanijaa mdomoni,
huwezi nini hasa, tangu lini, mpaka lini,
nikayameza mabichi.
Kitanda cha mwenzio usikihesabie kunguni.

"Tauno," nikasema, "ugua pole."
"Nimekwambia siumwi."
"Nimesikia. Ugua pole hivyo hivyo."

Kimya. Safari hii hakikuwa changu.
Halafu, huko kwake, bomba likafungwa.

Nikatia alama: mgongo.
Uongo wangu wa kwanza kazini, kwa mwandiko mzuri.
Jouni wa ghorofani akiuliza nitamwambia mgongo,
na si uongo wote: kuna kitu yule mtu amebeba,
tena si cha leo.

Saa kumi na mbili nimevaa aproni yake, inanifika magotini.
Mashine yake ya kukunjia nilidhani naijua;
nimeipangia zamu, nimeisainia matengenezo.
Kumbe juu ya kitufe amebandika plasta ya kidonda,
kaandika kwa penseli: *polepole*.
Nimebonyeza haraka. Shuka limenasa.
Nimelivuta, limechanika kwa sauti ndefu
iliyowageuza wote shingo, Oona na mafua yake ya bandia,
ambayo leo, nikimtazama vizuri, si ya bandia.
"Nenda nyumbani," nimemwambia.
"Sijaomba."
"Najua."

Saa sita nitampigia Tauno.
Sitamuuliza atarudi lini.
Nitakachomuuliza sijakijua bado.
Nabonyeza polepole.
Shuka linakuja, moto,
limekunjwa upande mmoja tu.