Nyama Ina Ulimi

Kasese jua linalainisha lami,
nami nimevaa sweta la Biira, vifungo vyote.
Mama alikuwa na rovu;
mimi shingo ni nyembamba, nimerithi baridi.
Kidonge nimemeza alfajiri,
chai ikanitazama nusu saa nzima
mpaka ikafanya utando.

"Bana," akasema Bwambale wa maabara,
akanipa kishikio cha chuma.
Nikabana. Mshale ukasogea, ukapumzika, ukarudi.
Kilo kumi na moja.
Mimi, niliyekuwa nabeba gunia la buni.

Akachora tezi kooni, mfano wa kipepeo.
"Huyu amelala, na mwili mzima unamsubiri."
Halafu akachora paja.
Nikacheka. Paja lina nini?
"Lina homoni zake, mama. Ukilitumia
linamwaga neno kwenye damu,
ini linasikia, mafuta yanasikia.
Lako tunataka kujua: linanong'ona, au limenyamaza?"

Ulimi hauna mfupa, hilo nilifunzwa.
Kwamba nyama nayo ina ulimi, nimesikia leo,
na miaka hamsini nimemkalia msemaji.

Hakuniahidi kitu. Alijaza chupa tatu za damu,
akanirudishia nauli.

Nauli iko mfukoni. Napanda Kilembe kwa miguu,
wenye bodaboda wananiita, wanachoka.
Darajani, juu ya Nyamwamba, nasimama,
naweka kiganja kwenye shavu la mguu.
Linatetemeka.

Haya, sema.

Nimefungua kifungo kimoja.